Samaki mgeni wa maji chumvi amesusa chakula: mwongozo kwa wafugaji wa Dodoma

Swali hili halikauki: "Nimeletewa samaki kutoka Dar, ana siku mbili, amejibana nyuma ya jiwe na hagusi chakula. Ndo anakufa?" Mara nyingi hafi. Kinachomuua ni kiherehere cha mwenye tangi: anamwaga chakula zaidi, anainua mawe kumtafuta, anawasha taa usiku ili amwone. Samaki aliyeshinda gizani ndani ya mfuko ana haki ya kususa. Kazi yako ni kumwondolea kwanza yale yanayomtisha, ndipo umbembeleze kwa chakula. Ukigeuza mpangilio huo unajisumbua.

Mfano wangu humu ni fayafishi (Nemateleotris magnifica), yule mdogo mweupe mbele, mwekundu mkiani, mwenye pezi refu lililosimama mgongoni. Nimemchagua kwa sababu ni mwoga kupindukia na bado watu wanampenda. Hatua hizi zinafaa pia kwa samaki klauni, kangaja (wale wanaoitwa tang) na wengine wengi.

Jambo moja la hapa kwetu lazima ulijue kabla ya yote. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji ya tangi lako hushika oksijeni pungufu kwa takriban sehemu moja ya nane kuliko tangi la Dar lenye joto lile lile. Na maji chumvi tayari hushika oksijeni kidogo kuliko maji yasiyo na chumvi, pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano. Nikiitwa kuangalia samaki "mwoga" hapa mjini, kitu cha kwanza ninachotazama ni uso wa maji: unatikisika au umetulia kama kioo? Samaki anayetafuta hewa hana muda wa kula.

Vya kuwa navyo kabla samaki hajapanda gari

- Tangi lililokomaa. Amonia na nitriti, sumu zitokanazo na kinyesi na mabaki ya chakula, zisome sifuri zote mbili. Tangi jipya huchukua kama wiki nne hadi sita kufika hapo. Lako halijafika? Mwache samaki kwa muuzaji.
- Tangi dogo la karantini, la kumtenga mgeni, lita 40 hivi, lenye hita, themomita na filta ya sponji iliyokaa wiki kadhaa ndani ya tangi kubwa ili iwe na bakteria wa kusafisha amonia tayari. Hata beseni kubwa la plastiki linafaa, mradi halijawahi kuona sabuni.
- Refraktomita, kifaa cha kupima chumvi ya maji. Hidromita ya bei rahisi inasaidia, lakini vipovu vikiishika mshale inadanganya.
- Chumvi maalumu ya akwariamu ya bahari, gramu 35 hadi 38 kwa lita. Chumvi ya jikoni yenye madini joto haifai, na ile ya mawe wanayolambishwa ng'ombe ndiyo kabisa usiifikirie.
- Maji yaliyochujwa kwa mashine ya RO, ile inayoondoa karibu madini yote. Maji ya bomba ya hapa kwa sehemu kubwa hutoka kwenye visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na ni magumu. Ukoko mweupe kwenye birika lako unatosha kukuonyesha.
- Vipande vitatu vinne vya bomba la PVC la inchi moja, pamoja na elbo. Fundi bomba atakupa mabaki bure.
- Mpira wa dripu na bomba la sindano la mililita 20 bila sindano yenyewe, vyote kutoka duka la dawa.
- Pampu ya hewa ya umeme na nyingine ya betri. Ya pili si anasa.
- Mfuniko wa wavu. Fayafishi akishtuka anaruka nje, na utamkuta asubuhi kwenye sakafu amekauka.
- Angalau aina mbili za chakula. Tutafika.

Hatua zenyewe

1. Mhoji muuzaji kabla hujatuma hela. Omba video ya samaki huyo huyo akila, iliyopigwa leo. Uliza anakula nini na chumvi ya tangi lake inasoma ngapi. Muuzaji anayezungusha maneno mwache, hata kama bei inavutia. Samaki ambaye tayari anakula kwa muuzaji atasusa siku mbili tatu kisha atarudi mezani. Ambaye hajawahi kula kwa muuzaji unanunua kesi.

Wapo pia wasiofaa kwa anayeanza hata wakipatikana: samaki vipepeo wanaoishi kwa kula matumbawe hai, na wale wembamba wenye mstari mweusi wanaosafisha wenzao, wengi wao hufa kwa njaa tangini. Na tafadhali, usijiokotee samaki kwenye chupa ukienda kutembea Mbudya au Bongoyo. Visiwa hivyo ni hifadhi ya bahari tangu 1975.

2. Panga safari. Samaki asilishwe siku moja kabla, ili asichafue maji ya mfuko. Afungwe mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, theluthi moja maji na iliyobaki oksijeni, kisha awekwe ndani ya deli lenye mfuniko. Asiwekwe kwenye buti karibu na injini. Treni ya SGR iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024 hutumia chini ya saa nne, lakini uliza kwanza kama watakubali mzigo wa namna hiyo. Basi ni shughuli ya karibu siku nzima, basi mwambie muuzaji asikaze mfuko hadi mwisho.

Sababu utaiona mwenyewe stendi ya Nanenane. Mfuko uliofungwa usawa wa bahari, ukishapita Morogoro, Gairo na Kibaigwa na kupanda hadi huku, unakuwa umevimba na kukaza, ukiugonga kwa kidole unalia. Msafirishaji mwenye huruma hapo ndipo anapotaka kuufungua "samaki apumue". Mkataze. Ndani ya mfuko samaki ametoa amonia, lakini pia ametoa kaboni dayoksaidi ambayo imeshusha pH, na kwenye pH ya chini amonia nyingi inakuwa katika hali isiyo na makali. Ukifungua, gesi inatoka, pH inapanda, na amonia ile ile inageuka sumu huku samaki akiwa bado ameketi ndani yake. Mfuko unafunguliwa mara moja tu, kando ya tangi, kila kitu kikiwa tayari.

3. Linganisha tangi na mfuko, usilinganishe mfuko na tangi. Hapa ndipo nitakapogombana na miongozo mingi. Kudondoshea maji ya tangi kwenye mfuko kwa saa nzima ni sawa kwa samaki aliyetoka mtaa wa pili. Kwa aliyesafiri kutoka Dar, saa hiyo nzima anaogelea ndani ya sumu niliyoieleza hapo juu.

Badala yake, jana yake chukua kipimo cha muuzaji na urekebishe tangi la karantini lifanane nacho. Baadhi ya wauzaji huweka chumvi chini, 1.020 au 1.021 (uzito wa maji ukilinganisha na maji yasiyo na chumvi), wakati tangi lako liko 1.025. Kwa lita 40, kutoka 1.025 kwenda 1.021 unatoa takriban lita sita na nusu za maji chumvi na kurudisha kiasi hicho hicho cha maji ya RO. Pima, subiri saa moja, pima tena. Joto liwe nyuzi 25 au 26.

Samaki hustahimili chumvi kushuka kuliko kupanda. Ukimtoa 1.020 ukamtumbukiza 1.026 papo hapo, unaweza kumpoteza siku ya pili bila kidonda chochote mwilini.

4. Elesha mfuko, pima, mwachie. Uache mfuko ukiwa umefungwa uelee juu ya maji kwa dakika 20 ili joto lilingane. Zima taa ya tangi na punguza ya chumbani. Fungua, pima chumvi ya mfuko haraka. Tofauti ikiwa 0.002 au chini, mhamishe kwa kikombe cha plastiki laini, si kwa wavu, maana mapezi hunasa. Maji ya mfuko yamwage chooni, tone lisiingie tangini.

Muuzaji akiwa amekudanganya kipimo na tofauti ni kubwa? Rekebisha karantini wakati huo huo kwa RO. Ukiwa huna karantini, tumia mpira wa dripu, matone mawili hadi manne kwa sekunde, jiwe la hewa likiwa ndani ya chombo pamoja na dawa ya kufunga amonia, na usizidi nusu saa.

5. Giza siku nzima ya kwanza. Bandika karatasi za kaki pande tatu za tangi. Mabomba ya PVC yalale chini, midomo ikitazama upande tofauti na ule unaosimama. Hakuna taa na hakuna chakula. Watu huona kama ni ukatili, lakini chakula kisicholiwa siku ya kwanza ndicho amonia ya siku ya pili.

6. Mwache. Hatua ngumu kuliko zote, hasa nyumba yenye watoto. Tangi lisiwe njiani kuelekea jikoni wala kando ya spika. Kioo kisigongwe. Ukitaka kumwona, egesha simu mbele ya tangi, washa video, ondoka robo saa, kisha rudi utazame. Utashangaa samaki "asiyetoka kamwe" anavyozurura ukiwa haupo.

Katika hatua hii hesabu kifuniko cha matamvua kinafunguka mara ngapi kwa dakika. Kikizidi mia moja akiwa ametulia, suala lako bado ni maji au ugonjwa, wala usifike hatua ya 7. Ongeza hewa, pima amonia.

Onyo la nyumba za huku: dawa ya mbu ya kupuliza. Pampu ya hewa inavuta kilichopo chumbani na kukipeleka moja kwa moja majini. Kama lazima mpulize, zima pampu, funika tangi, fungua madirisha kwanza kabla ya kuiwasha tena.

7. Chakula cha kwanza, siku ya pili jioni. Jua likizama, mwanga wa chumba ukiwa hafifu, zima filta na pampu za mkondo. Yeyusha kipande kidogo cha artemia au misisi (jamii za kamba wadogo sana) wa kugandishwa kwenye kikombe cha maji ya tangi, si maji ya moto. Huna? Kamba wabichi wa baharini wasio na viungo, menya, katakata hadi kila chembe iwe ndogo kuliko jicho la samaki. Ngisi pia anafaa. Ugali, mkate na dagaa wa chumvi waache mezani kwako.

Vuta chembe tano sita kwa bomba la sindano lenye kipande cha mpira wa dripu mdomoni. Peleka ncha ya mpira taratibu mpaka sentimita kumi hivi kutoka kwenye bomba alimojificha, upande wa juu, na usukume chembe mojamoja zishuke mbele ya mlango wake. Usiingize mpira ndani ya bomba. Pale ni kwake.

Tazama kichwa. Kwanza kinatokeza mdomo tu. Jicho linageuka kufuata chembe inayoshuka, lile pezi refu linapigwapigwa mara mbili tatu, halafu chembe inapita na yeye hafanyi kitu. Usikate tamaa, jicho kufuata chembe ni dalili nzuri kuliko unavyodhani. Chembe ya tatu au ya nne huenda akaichomokea, akaidaka na kurudi kinyumenyume ndani kabla hujajua kilichotokea. Wengine huidaka na kuitema. Hilo nalo ni hatua.

Baada ya dakika kumi nyonya mabaki kwa bomba lile lile na washa filta. Weka kengele kwenye simu. Filta iliyosahauliwa usiku kucha inaua bakteria wake, na kwa oksijeni yetu hii pungufu samaki naye hayuko mbali.

8. Akisusa hadi siku ya nne, mpe kinachotembea. Angua artemia. Kata kitako cha chupa ya lita moja na nusu, igeuze mdomo chini, weka maji ya chumvi gramu 25 hadi 30 kwa lita, nusu kijiko cha chai cha mayai, mpira wa hewa ufike chini kabisa, taa iwe karibu. Kwenye nyuzi 26 hadi 28 huanguliwa ndani ya saa 24 hadi 36. Juni na Julai joto la usiku Dodoma linashuka sana, kwa hiyo isimamishe chupa ndani ya ndoo ya maji yenye hita, la sivyo utasubiri hadi uchoke.

Zima hewa dakika kumi. Maganda yataelea, vifaranga vya rangi ya chungwa vitakusanyika chini kuelekea mwanga. Wachukue kwa mpira, wachuje kwa kitambaa safi chepesi, wasuuze, na uwapeleke siku hiyo hiyo maana virutubisho vyao huisha upesi. Samaki aliyedharau kamba uliyekatakata kwa upendo mara nyingi hawezi kuvumilia kitu kinachorukaruka mbele ya pua yake.

9. Mhamishe polepole kwenye chakula cha kila siku. Changanya artemia hai na misisi aliyeyeyushwa, ukipunguza hai kidogo kidogo kwa muda wa wiki. Punje kavu zije mwisho, zikiwa zimelowekwa kwenye majimaji ya kamba. Mara mbili tatu kwa siku, kidogo, ni bora kuliko karamu moja. Kangaja wao wanataka majani: mwani mkavu wa karatasi, ule wa kufungia sushi usio na mafuta wala chumvi, ubane kwenye kioo.

Wakati huu ndipo unapopandisha chumvi, 0.001 kwa siku. Kwa ukame wetu ni rahisi: maji yakipungua kwa mvuke, fidia kwa maji chumvi hadi ufike 1.025, kisha rudi kwenye utaratibu wa kawaida wa kufidia kwa RO pekee. Wengi husahau kurudi. Chumvi haipandi angani na mvuke, na kufikia Oktoba tangi linasoma 1.030 huku mwenyewe akilalamika samaki wamepoteza hamu.

10. Kumwingiza tangi kubwa. Angalau wiki nne za karantini, akila vizuri bila madoa. Wenyeji walishwe kwanza washibe, mawe mawili matatu yahamishwe ili kila mtu awe mgeni kidogo, kisha mgeni aingie taa zikiwa zimezimwa, ndani ya boksi la plastiki angavu lenye matundu. Wakiacha kumrukia kupitia ukuta wa boksi, kwa kawaida baada ya siku mbili tatu, mwachie. Hamisha na bomba lake la PVC. Halipendezi machoni, lakini yeye analijua.

Mambo yakienda kombo

*Anakula lakini anakonda.* Tazama nyuma ya kichwa na tumboni. Kama pamebonyea na kinyesi ni cheupe kama uzi, yawezekana ana minyoo au vimelea vya tumbo. Tibu karantini, dawa ndani ya chakula, kwa ushauri wa daktari wa mifugo anayejua samaki.

*Madoa meupe mithili ya punje za chumvi.* Ni kimelea Cryptocaryon. Tiba ya kopa (dawa yenye madini ya shaba) ifanyike karantini tu na kwa kupima kila siku. Ukiimwaga tangi kubwa umeua kamba, konokono na matumbawe. Kama badala ya punje unaona vumbi laini la dhahabu na anahema sana, usingoje kesho, huo ni ugonjwa mwingine na unaua kwa siku chache.

*Anatoka, anatazama chakula, anakimbia.* Kuna anayemtisha. Mara nyingi ni klauni mkubwa, au yeye mwenyewe akiona sura yake kwenye kioo. Karatasi ya kaki irudi.

*Yuko juu ya maji, mdomo nje.* Hewa. Elekeza mdomo wa pampu juu uvunje uso wa maji, punguza joto taratibu kama limevuka 27. Chumba cha bati bila dari mwezi Novemba kinahitaji feni ipulizie uso wa tangi, na ukumbuke feni huongeza mvuke.

*Wiki nzima hajala.* Fayafishi mdogo mwenye tumbo lisilobonyea bado yumo. Rudia hatua ya 8 asubuhi na jioni, na upime amonia kabla ya kumlaumu. Samaki mkubwa anaweza kuvuka wiki na nusu.

*Kitunguu saumu vipi?* Loweka chakula kwenye majimaji yake ukitaka, hakidhuru kwa matone machache. Lakini hakitibu madoa meupe, hata kama jirani anaapa.

*Umeme umekatika saa nane usiku.* Pampu ya betri kwanza, hita baadaye. Funga tangi kwa blanketi pande zote ukiacha juu wazi, na usilishe hadi umeme urudi na filta izunguke saa kadhaa.